Mwenye gazeti aliyelipa deni lililokwisha samehewa: kisa cha John Passmore Edwards

Mwaka 1866, watu waliowahi kumdai John Passmore Edwards walimwandalia karamu na kumzawadia saa ya dhahabu na mkufu wake. Si jambo ambalo wadai hufanya kila siku. Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo biashara yake ya uchapishaji ilikuwa imeanguka, nao walilazimika kupokea shilingi 5 kwa kila pauni waliyomdai. Pauni ya Uingereza siku hizo ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo walichukua robo ya haki yao wakaondoka. Kisheria shauri lilikuwa limefungwa. Hata hivyo, mara tu alipoanza kupata fedha, aliwarudia na kuwalipa robo tatu zilizobaki.

Dawa ya deni kulipa, tunasema, lakini hapa deni halikuwapo tena mbele ya sheria yoyote. Alililipa kwa sababu yeye mwenyewe aliliona bado lipo.

Wanaomwandika mtu huyu kwa kawaida huanza na majengo: taasisi kama 70 alizozijenga kuanzia mwaka 1889 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900, maktaba, hospitali ndogo, nyumba za wagonjwa kupumzikia, majumba ya sanaa. Mimi naona majengo hayaeleweki vizuri bila kwanza kuelewa alivyofilisika na alivyouza magazeti. Ndiyo maana katika uchambuzi huu nitakaa zaidi kwenye fedha: zilitoka wapi, alizitoa kwa sharti gani, na sharti hilo liliwaacha wapi waliopewa.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1823 katika kijiji cha Blackwater, Cornwall, kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, kati ya miji ya Truro na Redruth. Ni eneo la machimbo ya bati na shaba. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake, Susan Passmore, alitoka Newton Abbot katika jimbo jirani la Devon. Shule ya kijijini ilimfundisha kidogo, na mengine alijifundisha mwenyewe kwa vitabu alivyoweza kuvinunua. Alipata kazi ya ukarani kwa mwanasheria mjini Truro kwa malipo duni, kisha mwaka 1844 akaenda Manchester kuwa mwakilishi wa gazeti la London Sentinel. Gazeti halikumlipa kama ilivyoahidiwa. Mwaka uliofuata akaingia London, akawa anaishi kwa kuandika na kutoa mihadhara.

London ya wakati ule ilikuwa inachemka, naye alijitosa. Alikuwa na wapigania haki ya kura, alikuwa na wanaotaka sheria za nafaka zifutwe ili mkate ushuke bei, na zaidi ya yote alikuwa na watu wa amani. Alihudhuria mikutano ya kimataifa ya amani ya Brussels mwaka 1848, Paris mwaka 1849 ambako mwandishi wa Kifaransa Victor Hugo alikuwa mwenyekiti, na Frankfurt mwaka 1850. Msimamo huo hakuuacha uzeeni. Alipinga Vita ya Crimea akiwa kijana, na Vita ya Makaburu alipokuwa amekaribia miaka 80, wakati ambapo kuipinga nchini Uingereza kulimletea mtu matusi barabarani.

Mwaka 1850, kwa akiba yake ndogo, alianzisha jarida la kila wiki la bei ya chini lililoitwa The Public Good. Baadaye akaongeza jingine la amani, jingine la wasifu wa watu mashuhuri, jingine la mashairi. Yalisomwa, lakini hayakujilipia. Kufikia mwaka 1853 afya ilikuwa imevunjika na yeye amefilisika.

Wengi huisoma habari hiyo kama ya kijana mwenye moyo mkubwa na hesabu ndogo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazama mazingira aliyofanyia kazi. Serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza ushuru wa karatasi kwa uzito wake. Ilitoza shilingi 1 na peni 6 kwa kila tangazo lililochapwa, liwe la kampuni kubwa au la mtumishi wa ndani anayetafuta kazi. Gazeti la habari nalo lilipaswa kuwa na stempu ya peni 1 kwa kila nakala. Waliopinga waliziita kodi za maarifa, na jina hilo lilistahili, kwa sababu mzigo wake ulimwangukia yule anayetaka kumuuzia maskini kitu cha kusoma. Anayeuza jarida kwa shilingi angeweza kuvumilia ushuru wa karatasi. Anayeuza kwa peni alikuwa anatoa faida yake yote kwa watoza ushuru. Passmore Edwards alikuwa miongoni mwa waliopigania kodi hizo zifutwe. Ya matangazo ilifutwa mwaka 1853, mwaka uleule alioanguka. Ya stempu ilifuata mwaka 1855, na ya karatasi mwaka 1861.

Mwaka 1862 alirudi sokoni na kununua Building News, jarida la wajenzi na wasanifu majengo. Sidhani kwamba ni bahati tu. Mtu yuleyule, mwenye fikra zilezile, alifaulu katika nchi iliyokuwa imeondoa kodi zilizommaliza. Safari hii pia alichagua tofauti: badala ya kuhubiri, aliuza jarida ambalo watu wa fani fulani walilihitaji kila wiki ili kufanya kazi yao. Kisha akawa na English Mechanic, ambalo kwangu ndilo lililo zuri kuliko yote aliyoyamiliki. Wasomaji waliuliza maswali na wasomaji wengine wakayajibu: jinsi ya kusugua kioo cha darubini, jinsi ya kutengeneza mashine ya cherehani, jinsi ya kurekebisha baiskeli. Fundi na kasisi na mwalimu waliandikiana humo kama watu wa daraja moja. Mwaka 1890 barua iliyochapwa humo ilipendekeza kuwe na chama cha wapenzi wa nyota wasio wataalamu, na kutokana nayo kikazaliwa chama cha elimu ya falaki cha Uingereza ambacho kipo hadi leo.

Fedha za biashara hii ya majarida ndizo zilizolipa deni la zamani. Na ndizo zilizomwezesha mwaka 1876 kununua The Echo.

The Echo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na wachapishaji Cassell, Petter na Galpin, likiwa gazeti la kwanza la jioni jijini London kuuzwa kwa nusu peni. Passmore Edwards alilinunua kutoka kwa Albert Grant, mfanyabiashara aliyekuwa na sifa mbaya ya kuanzisha kampuni na kuwaachia wanahisa hasara. Tufanye hesabu kidogo. Pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo nakala 480 zilipaswa kuuzwa ndipo pauni moja iingie, na hiyo ni kabla ya kutoa karatasi, wino, mishahara, farasi wa kusambaza na fungu la mtoto aliyelinadi njiani. Gazeti la namna hiyo haliishi kwa matajiri. Linaishi kwa karani anayerudi nyumbani jioni, kwa mpiga chapa, kwa mwenye duka dogo, na kwa wingi wao kila siku. Alilitumia kutetea amani, elimu na haki za wafanyakazi, na bado likampa utajiri.

Kuna sehemu moja hapa inayonivutia sana. Mwaka 1884 aliuza theluthi mbili ya hisa za The Echo kwa Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyekuwa akiishi Marekani, na Samuel Storey, mbunge na mwenye magazeti wa Sunderland. Walikuwa wakikusanya magazeti ili kuunda mlolongo wa sauti za mrengo wao. Ushirika haukudumu. Walitofautiana kuhusu uendeshaji, na Passmore Edwards akazinunua tena hisa zile kwa fedha nyingi kuliko alizopokea. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hasara ya wazi. Kwa mtu ambaye gazeti lilikuwa ndiyo njia yake ya kusema na umma, ilikuwa bei ya kurudishiwa sauti. Wakati huohuo alikuwa bungeni, mbunge wa Salisbury kwa Chama cha Kiliberali kuanzia mwaka 1880 hadi 1885, na alipotoka hakurudi. Aliona gazeti linafanya kazi kubwa kuliko kiti cha nyuma bungeni. Ukipima alichokifanya baada ya hapo, alikuwa na haki.

Peni moja na tatizo la kuta

Alipoanza kutoa, alianza nyumbani. Miongoni mwa zawadi zake za kwanza ni jengo la taasisi ya kusomea katika Blackwater, kijiji cha wachimba madini kisichokuwa na chochote cha aina hiyo alipokuwa mtoto. Kisha likafuata wimbi zima la Cornwall: maktaba za Redruth, Camborne, Truro, Falmouth, St Ives, Bodmin, Launceston na Liskeard, nyumba ya mapumziko ya wachimba madini waliougua huko Perranporth, na jumba la sanaa la Newlyn mwaka 1895, mahali palipokuwa na kundi la wachoraji wakiishi kati ya wavuvi. Mengi ya majengo hayo yalisanifiwa na Silvanus Trevail, mwana wa Cornwall naye.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili lazima uielewe sheria ya maktaba ya wakati ule. Sheria ya mwaka 1850 iliiruhusu miji kuanzisha maktaba ya umma, lakini walipa kodi wenyewe walipaswa kupiga kura ya kuikubali kwanza, na kiwango cha kodi kilikuwa na kikomo. Kuanzia mwaka 1855 kikomo kilikuwa peni 1 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba na ardhi zilizoandikishwa, na hakikuondolewa hadi mwaka 1919. Chukua mji mdogo ambao thamani yake yote iliyoandikishwa ni pauni 24,000. Peni moja kwa kila pauni inaleta peni 24,000, yaani pauni 100 kwa mwaka. Kwa pauni 100 unaweza kumlipa mkutubi, kununua makaa ya kupasha chumba joto, gesi ya taa, magazeti na vitabu vichache. Kujenga nyumba ya kuviweka huwezi, hata ukiweka akiba miaka mingi. Kwa hiyo miji mingi iliishia kupanga chumba juu ya duka, au kupiga kura ya kukataa kabisa, kwa sababu wenye nyumba waliona watalipa kodi na wasione kitu.

Passmore Edwards aliliona pengo hilo kwa usahihi. Sharti lake kwa kawaida lilikuwa hili: toeni ardhi, mkubali kubeba gharama za kila mwaka, na mimi nitajenga. Alitoa kile ambacho jamii haikuweza kukikusanya, akaiachia kile ilichoweza. Na kwa kuwa ahadi yake ilitangulia, kura iligeuka. Whitechapel, eneo maskini la mashariki ya London, lilikuwa limewahi kuikataa maktaba. Kisha, baada ya kampeni iliyoongozwa na kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta, wakazi waliikubali, na mwaka 1892 jengo lililolipiwa na Passmore Edwards likafunguliwa.

Naomba nikae Whitechapel kidogo, maana hapo ndipo hoja inapata watu. Miaka hiyo familia za Kiyahudi zilizokimbia mateso ya Urusi zilikuwa zikimiminika mtaani, wakiishi vyumba vya kubanana, wakishona nguo kwa ujira mdogo. Nyumbani hapakuwa na mahali pa kufungua kitabu. Maktaba ilikuwa na meza, taa, joto, na rafu za vitabu vya Kiyidi na Kiebrania pamoja na vya Kiingereza. Watu waliipa jina la chuo kikuu cha mtaa wa Wayahudi. Isaac Rosenberg, mshairi aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, alisomea hapo. Mchoraji Mark Gertler alipita hapo. Jacob Bronowski aliingia London mwaka 1920 akiwa mtoto asiyejua Kiingereza, akajisomea kwenye rafu hizo, akaja kuwa mwanahisabati na mfafanuzi wa sayansi aliyesikika duniani kote. Mtu aliyelijenga alikuwa ameshafariki Bronowski alipofika.

Huko London kazi ya usanifu alimpa mara nyingi Maurice B. Adams, mhariri wa jarida lake mwenyewe la Building News. Maktaba za Shepherd's Bush na Acton na jengo la sanaa la Camberwell ni za mkono wake. Leo tungeuliza zabuni iko wapi, na lingekuwa swali la haki: fedha zilikuwa za Passmore Edwards, lakini majengo yangetunzwa kwa kodi ya umma, na umma ulikuwa na sababu ya kutaka kujua kwa nini msanifu ni yule anayelipwa mshahara na mfadhili. Nikiyatazama majengo yenyewe, yamejengwa vizuri mno kuwa kazi ya upendeleo mtupu. Lakini utaratibu ule nisingeupendekeza kwa mtu mwingine.

Sharti lake la ardhi kwanza lilifanya kazi hata nje ya maktaba. Mwandishi wa riwaya Mary Ward alipotaka kituo cha elimu na malezi kwa wakazi wa Bloomsbury, Duke wa Bedford, kabaila mwenye ardhi ya eneo hilo, alitoa kiwanja, Passmore Edwards akajenga, na mwaka 1899 humo ikafunguliwa mojawapo ya shule za kwanza jijini London za watoto wenye ulemavu wa viungo, waliokuja kwa gari la wagonjwa, wakapata muuguzi na chakula cha mchana. Sidney Webb alipotafuta makao ya shule changa ya uchumi, London School of Economics, baraza la mji lilitoa ardhi pale Clare Market na Passmore Edwards akatoa pauni 10,000. Shule ikahamia humo mwaka 1902. Ni shule hiyohiyo ambako Jomo Kenyatta alikwenda kusomea elimu ya jamii na mila katika miaka ya 1930, na Mwai Kibaki akafuata kusomea uchumi. Passmore Edwards hakuwafikiria hao alipotia saini hundi yake, lakini njia ya marais wawili wa Kenya ilipita kwenye taasisi aliyoisaidia kupata paa lake la kwanza la kudumu.

Palipovuja

Udhaifu wa mpango wake ulikuwa upande wa pili wa nguvu yake. Jengo hutolewa mara moja, lakini mkutubi hulipwa kila mwezi. Kwa maktaba kulikuwa angalau na ile peni ya kisheria, ingawa haikuongezeka vitabu vilipopanda bei. Kwa hospitali hapakuwa na kitu. Hospitali ndogo alizojenga Willesden, Acton, East Ham, Tilbury na kwingineko ziliishi kwa michango ya hiari, sanduku la kanisani na tamasha la kila mwaka, hadi serikali ilipozichukua mwaka 1948 kwa Huduma ya Afya ya Taifa. Mtu aliyezoea kuuza gazeti la nusu peni alielewa kwamba mapato madogo ya kila siku ndiyo uhai wa shughuli yoyote. Inanishangaza kwamba elimu hiyo hakuihamishia kwenye hospitali zake kwa kuziwekea mfuko wa kudumu. Labda angejenga 40 badala ya 70, na hizo 40 zingekuwa na usingizi mzuri zaidi.

Wapo waliomlaumu kwa jina. Karibu kila jengo lina jina lake juu ya mlango, limechongwa kwenye jiwe. Mimi lawama hiyo naipokea nusu. Mtu huyuhuyu alikataa cheo cha heshima cha ufalme mara mbili, kwanza wakati wa Malkia Victoria na tena wakati wa Mfalme Edward VII, ilhali wamiliki wengine wa magazeti walikuwa wakikikimbilia. Alikubali uraia wa heshima wa miji kama Truro na West Ham. Naona hapo mpangilio ulio wazi: heshima kutoka juu hakuitaka, heshima kutoka kwa watu aliowajengea aliipokea kwa furaha. Na jina lake halikuchongwa kwa fedha za mtu mwingine. Tofauti na Carnegie, ambaye mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, Marekani, walipigwa risasi katika mgogoro wa ujira ilhali maktaba alizozifadhili zikiendelea kujengwa, Passmore Edwards alipata mali yake kwa nusu peni ambazo wasomaji walizitoa kwa hiari, wakapata gazeti mkononi.

Aliachana na The Echo mwishoni mwa miaka ya 1890, na gazeti lenyewe likafungwa mwaka 1905. Mwaka 1904 alikuwa amefungua maktaba Newton Abbot kwa kumbukumbu ya mama yake. Alifariki tarehe 22 Aprili 1911 huko Hampstead, London, akiwa na miaka 88.

Leo jengo la Whitechapel si maktaba tena: lilifungwa mwaka 2005 na kuunganishwa na jumba la sanaa la jirani, lililofunguliwa upya mwaka 2009. Shepherd's Bush ni ukumbi wa maigizo tangu mwaka 2011. Jengo la kituo cha Mary Ward hukodishwa kwa mikutano. Newlyn bado ni jumba la sanaa, na la Camberwell pia. Hospitali nyingi zimebomolewa au kugeuzwa kuwa nyumba za kuishi. Kila ilipopotea maktaba, ukifuatilia sababu, mara nyingi utakuta halmashauri iliyoshindwa au kukataa kubeba ule upande wake wa makubaliano, yaani gharama za kila mwaka. Newton Abbot waliubeba, na maktaba yao bado inaazima vitabu katika jengo lilelile.